Sanduku la Kwenda Bukama

Mama Honorine aliwaalika majirani waje kuliona sanduku lake la safari, na majirani wakaja wote, hata wale ambao hakuwaalika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tarehe kumi na saba Novemba 1956, katika mtaa wa Kamalondo, Élisabethville. Sanduku la bati, lililopakwa rangi ya kijani, lilitolewa chini ya kitanda chumbani likawekwa juu ya meza sebuleni. Jumanne lilikuwa liende na wenyewe kwa treni mpaka Bukama, na pale Bukama lipande meli ya mtoni.

Safari hiyo ilikuwa imewasumbua watu wa Kamalondo tangu walipoisikia. Lucien Kalenga, mume wa Honorine, alikuwa amestaafu kazi ya kuendesha treni, akaamua kushuka mto Lualaba kwa meli hadi Kabalo kisha arudi kwa meli hiyohiyo, yeye na mkewe, katika chumba chenye vitanda viwili na beseni la kunawia. Hakuwa akienda kazini. Hakuwa akienda msibani wala kutoa mahari. Alikuwa akienda kupumzika, neno ambalo jirani yake Marie-Thérèse alikuwa bado hajalimeza.

"Munafika Kabalo, halafu?" aliuliza tena asubuhi ile, mikono kiunoni.

"Tunarudia," alijibu Lucien.

"Bila kushuka?"

"Tutashuka paka Ankoro tu, kuona kaburi ya mama. Ile mudogo yangu Anaclet alijenga na simenti. Mi sijaiona hata siku moja."

"Basi munalipa juu ya kuikala ku maji."

"Njo vile," alisema Lucien, na watu wakacheka.

Wenyewe hawakuwa wakicheka sana. Kwa wiki kadhaa Lucien alikuwa akimfundisha mkewe kula kwa uma, na Honorine alikuwa akilala juu ya benchi ili azoee kitanda chembamba cha melini, mpaka alfajiri moja akaanguka chini na kuumia kiwiko. Vyumba vya jirani vingekuwa na Wazungu. Kwa hiyo alishona vitenge vipya na blauzi zake, akamshonea mumewe suti nyeupe, na akamwambia kila aliyetaka kusikia kwamba hatakanyaga meli ile katika nguo kuukuu mbele ya wake za Wazungu. Bora abaki kwake apike ugali.

Alivuta kamba kiunoni, akatoa ufunguo, akafungua kufuli. Harufu ya naftalini ikatoka. Majirani wakasogea. Honorine akainua kitambaa cheupe cha juu kwa vidole viwili, kama padri anavyofunua kalisi, na chini yake hapakuwa na kitenge, blauzi wala suti. Palikuwa na magunia ya unga, makuukuu, yaliyojazwa nyasi kavu.

Alipiga kelele moja ndefu. Kisha macho yake yakamtafuta Edith.

Edith alikuwa mke wa Rigobert, mtoto wao wa kwanza, mfanyakazi wa Jadotville. Alikuwa amefika Alhamisi kwa treni, pamoja na binti yake Virginie, ili alinde nyumba wakwe zake watakapokuwa safarini. Siku ya Ijumaa, Honorine alipokwenda kusukwa nywele, alikuwa amemwachia ufunguo.

"Ni weye," alisema Honorine. "Ufunguo nilikuachia weye. Mwizi!"

"Mama, miye?"

"Rigobert akifika Lundi, kesho kutwa, utarudi kwa baba yako. Mutoto atabakia hapa. Siwezi kuacha mutoto wetu mu mukono ya mwizi."

Virginie alikuwa na miaka minne. Alishika sketi ya mama yake, akamwangalia bibi yake, kisha akawaangalia majirani mmoja mmoja, na hakulia. Edith pia hakulia. Alisema tu, taratibu, kwamba hakufungua sanduku, lakini ua mzima ulikuwa umeshaanza kunong'ona.

*

Brigadia Constantin Nkandu wa polisi alifika saa nne, akiwa na hasira kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku yake ya kunyolewa. Alikuwa mtu mzito, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake, na alisali parokia moja na akina Kalenga. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuwatoa majirani. Marie-Thérèse alitoka wa mwisho.

Alianza na kufuli. Lilikuwa zima. Kisha akaligeuza sanduku, akainama nyuma yake kwa muda mrefu kiasi kwamba Lucien alidhani mgongo umemkamata.

"Leteni taa."

Nyuma ya sanduku bawaba mbili zilishikwa kwa skrubu. Rangi ya kijani ilikuwa imechubuka kuzunguka vichwa vyake vyote. Mtu alizifungua skrubu, akainua kifuniko kutoka nyuma, akatoa alichotaka, akazirudisha. Nkandu alipitisha kidole juu ya michubuko, kikatoka na unga wa kahawia. Kisha akatoa magunia. La chini kabisa lilikuwa limegandamana na bati. Lilipong'olewa liliacha duara la kutu. Upande wake wa chini ulikuwa mweusi kwa ukungu.

"Mama Honorine," alisema, "ulifunga hii sanduku siku gani?"

"Mbele ya Toussaint, siku ya Batakatifu Bote. Nikaweka naftalini, nikafunga. Sikufungua tena juu harufu isitoke."

"Wala jana?"

"Wala jana."

"Sasa ona. Hii gunia iliingia na maji. Bati ikaanza kuoza pole pole. Hii kutu haikuzaliwa jana, Mama, wala juzi. Mvua kubwa ya mwisho ilinyesha siku gani?"

Lucien ndiye aliyejibu. "Siku ya wafu. Tulikuwa bote ku makaburi. Tulirudi na maji mpaka mu bilato ya miguu. Tangu ile siku, jua tupu."

"Nani alibakia ku nyumba?"

"Hakuna mutu."

Nkandu alimgeukia Edith aliyekuwa amekaa kizingitini, mtoto mapajani. "Weye, siku ya wafu ulikuwa wapi?"

"Jadotville, Bwana Brigadia. Niliimba mu kwaya. Padri eko, bantu beko, ulizeni."

"Umesikia, Mama?"

"Nimesikia," alisema Honorine. "Jadotville haiko mbali na treni iko." Alikunja mikono. Alikuwa ameshasema neno mbele ya Kamalondo nzima, na kulirudisha neno kama hilo kulikuwa kugumu kwake kuliko kula kwa uma.

Nkandu hakubishana naye. Alijua mkuu wake wa kazi, Mbelgiji asiyependa mafaili yaliyobaki wazi, angetaka jina Jumatatu. Jina lililokuwapo mpaka sasa lilikuwa moja. Na Jumatatu hiyohiyo Rigobert angeshuka kwenye treni na kukuta mama yake mlangoni. Mwanaume huyo, kwa kadiri Nkandu alivyomkumbuka, hakuwahi kumpinga mama yake hata juu ya chumvi.

"Mwizi wetu alikuya na tournevis," alisema, akizungusha mkono kama mwenye bisibisi. "Nani anakuwaka na tournevis hapa?"

"Donat!" alisema Honorine haraka. "Ule eko anafanya mu fonderi, kule banayeyusha bichuma. Na siku ya wafu hakufika ku makaburi. Bote tulikuwa kule. Yeye, sikumuona."

*

Donat alikuwa mkwe wao, mume wa binti yao wa pili. Alipoitwa alikuja akasimama nje ya ua, nyuma ya ukuta, kichwa amekigeuzia barabarani. Hakuingia. Mama mkwe wake alikuwa ndani ya ua, na kwa watu wa kwao mkwe hamtazami mama mkwe, hali naye, wala hapiti njia aliyopo. Honorine naye alijifunika kitambaa akageukia jikoni. Nkandu ilimbidi asimame katikati kama kinyozi kati ya wateja wawili.

"Siku ya wafu ulikuwa wapi, mvua ikinyesha?"

"Ku makaburi, Shefu."

"Muongo!" ilisema sauti kutoka jikoni. "Mwambieni eko muongo. Sikumuona!"

"Mama mukwe anasema hakukuona."

"Anione namna gani?" Donat aliuuliza ukuta. "Akiwa kuume, mi niko kushoto. Akigeuka, miye najificha nyuma ya bantu. Niko vile tangu nilioa."

Nkandu akamgeukia Lucien. "Baba Kalenga, nani alikushikia mwavuli siku ile?"

Lucien alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Donat," alisema. "Ni yeye alinishikia mwavuli, tangu litania mpaka mwisho. Hakuna mutu aliniuliza!"

Ikawa hivyo. Honorine alikuwa ameapa kwa moyo mweupe kwamba mtu fulani hakuwapo, kwa sababu kwa miaka yote hiyo alijizoeza kutomwona. Nkandu aliitoa kofia akajipepea. Alitaka kucheka, lakini Edith alikuwa bado kizingitini, na tayari alikuwa amefunga kanga ya mtoto kama mtu anayejiandaa kuondoka.

"Donat, wende," alisema. "Na asante."

*

Mchana alikuja Anaclet, mdogo wake Lucien, aliyekuwa mlinzi wa karakana ya reli. Alikuwa akiishi peke yake pembeni mwa mji, kwenye mashamba ya mihogo, tangu mkewe alipofariki. Aliegemeza baiskeli ukutani, akampa pole kaka yake kwa mikono miwili, akampa pole shemeji yake. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, lakini alikuwa amefunga shali ya sufi kuzunguka shingo na sikio la kushoto.

"Jino, Yaya," alimwambia kaka yake kabla hajaulizwa. "Inaniuwa tangu Mercredi, leo siku ya ine."

"Umesikia bintu yetu?"

"Nimesikia. Mbaya sana." Alikaa. "Mi naona, Yaya, acheni safari. Mama Honorine hawezi kupanda bato vile eko. Bato itakuwa paka pale mwaka kesho."

"Njo naona vile na miye," alisema Lucien kwa unyonge.

"Na Edith?" aliuliza Nkandu kutoka kwenye kiti chake kivulini.

Anaclet alimtazama Edith, kisha akatazama chini. "Hayo ni mambo ya bakubwa ya nyumba," alisema.

Marie-Thérèse, ambaye hakuna ukuta uliowahi kumzuia, alileta miwa kwenye sinia. Kila mmoja alichukua kipande. Nkandu alichukua viwili. Anaclet naye alichukua chake, akakichana ganda kwa meno, akakata, akatafuna, akatema makapi, akachukua kingine. Nkandu alimtazama akila. Meno yaliyokuwa yakifanya kazi yote hiyo yalikuwa ya kushoto.

"Siku ya wafu, Baba Anaclet?"

"Nilikuwa na homa, Yaya anajua. Nililala ku nyumba."

"Pole. Homa, sasa jino."

"Uzee, Brigadia."

Shali yake, Nkandu aliona alipomsogelea kumpa sinia, ilikuwa na doa la mafuta chini ya sikio. Yalikuwa mafuta ya mawese, mekundu, yamepenya sufi. Hakuna mganga wala daktari aliyewahi kumwambia Nkandu apake mawese nje ya shavu kwa ajili ya jino. Alimaliza muwa wake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, alimkuta Honorine akipiga pasi. Hata mwenye huzuni kama ile alikuwa na kazi. Alizungusha pasi ya makaa hewani uani mpaka cheche zikaruka, akairudisha mezani, akaanza na vigauni vya Virginie vilivyokuwa vimeanikwa tangu asubuhi. Alipiga upande wa nje, akageuza, akapiga upande wa ndani, pindo, kola, mpaka kamba za kufungia nyuma.

"Mama, kamba nayo?"

"Mu hii inchi?" Honorine hakuinua kichwa. "Nguo ya maji, nzi anatua, anazaa ndani. Ukivaa bila pasi, kadudu kanaingia mu ngozi. Mutoto wa jirani kalimtoka ku mugongo, kanene vile. Wanamupaka mawese mpaka kanakosa pumzi, njo banakakamua."

"Miye najua," alisema Nkandu. "Kila mutu anajua."

Alisema hivyo kisha ghafla akashika ukingo wa meza. Honorine alimuuliza kama ni moyo. Akasema hapana, ni akili tu, na inachelewa kama kawaida yake.

Nguo zilizotoka sandukuni siku ya mvua zililowa njiani. Aliyeziiba hakuweza kuziacha zioze, basi alizianika mahali pa siri, kwenye kivuli. Hakuweza kuzipiga pasi: pasi ya makaa huwashwa nje, na mwanaume anayeishi peke yake akipiga pasi vitenge vipya vya mwanamke, mtaa mzima ungekuja kumuuliza harusi ni lini. Akazikunja hivyohivyo bila pasi, akazificha. Kadudu ka nguo huuma mgongo, kiuno, mapaja, pale nguo inapogusa mwili. Nkandu alikuwa akijiuliza ni nguo gani humgusa mtu upande mmoja tu wa shingo, chini ya sikio.

*

Jumapili baada ya misa, Anaclet alipokuwa bado amebaki kanisani, Nkandu alipanda baiskeli mpaka kwenye mashamba ya mihogo. Saa sita aliwakusanya akina Kalenga sebuleni: Lucien, Honorine, Edith na mwanawe, Anaclet. Donat alibaki barabarani, nje ya dirisha, kama ilivyompasa. Juu ya meza, pale lilipokuwa sanduku, Nkandu aliweka mto wa kulalia wenye foronya ya mistari.

Anaclet aliuona, akakaa bila kukaribishwa.

"Baba Anaclet," alisema Nkandu, "toa shali."

"Jino, Brigadia, hewa..."

"Jana ulitafuna muwa na lile jino. Toa."

Anaclet aliifungua polepole. Chini ya sikio, mpaka kwenye taya, ngozi ilikuwa na majipu manne, kila moja na tundu dogo katikati, yaking'aa kwa mawese. Honorine alivuta pumzi. Hakuna mwanamke wa Katanga asiyeyajua.

"Unalala upande wa kushoto," alisema Nkandu. Akachana foronya. Harufu ya naftalini, hafifu, ikafika puani mwa wote. Akatoa kitenge cha kwanza, cha pili, blauzi, na suti nyeupe ya Lucien, vyote vimekunjwa kwa uangalifu mkubwa. "Mahali pazuri pa kuficha. Polisi wanatafuta chini ya kitanda, mu paa, mu kisima. Hakuna anayetafuta mahali mutu anaweka kichwa. Lakini haukupiga pasi, Baba."

Lucien alikuwa bado hajaelewa, au hakutaka. "Mudogo yangu," alisema, "ulitaka kuuzisha?"

"Hapana, Yaya! Hata kimoja. Ningerudisha bintu yote, bato ikisha kwenda. Ningetupa ku mulango mu gunia."

"Ju ya nini basi?"

Nkandu alijibu kwa niaba ya Anaclet, kwa sauti yake ndogo, bila furaha. "Alijua Mama Honorine hatapanda bato na bikwembe ya zamani. Alisema vile mbele ya kila mutu. Na bila Mama Honorine, wewe usingekwenda. Hakuiba nguo, Baba Kalenga. Aliiba safari. Na siku ya Toussaint alikula ku meza yako. Ile siku ulisema bato itasimama wapi?"

"Ankoro," alisema Lucien. Kisha akamtazama ndugu yake, na sasa alielewa. "Kaburi," alisema.

"Hakuna kaburi, Yaya."

Anaclet alisimulia akiwa ameinamia magoti yake. Lucien alikuwa akimpa kila kitu, mwaka baada ya mwaka, kila Anaclet alipokwenda likizo nyumbani Ankoro: simenti, nondo, msalaba aliouagiza utengenezwe fonderi. Mara ya kwanza mke wa Anaclet alikuwa mgonjwa, na vitu viliuzwa Bukama kulipia dawa. Alirudi akamwambia kaka yake kwamba msingi umekaa vizuri. Baada ya msingi ilibidi aseme kuta, na baada ya kuta, chokaa. Mke alikufa, uongo ukabaki hai.

"Ile rangi nyeupe uliniambia?" aliuliza Lucien.

"Hakuna."

"Na maua? Ulisema mama mukubwa alipanda maua."

"Hakuna, Yaya. Matete. Mwaka jana nilikwenda kutafuta, sikuona mahali. Hata miye sijue tena mama alilala wapi."

Lucien aliketi na mikono juu ya meza, kando ya suti yake nyeupe. Alikuwa mtu aliyeendesha magari moshi usiku na mchana bila kupiga kelele, na sasa pia hakupiga. Machozi yalimtoka tu, akayaacha. Honorine alinyosha mkono kumgusa, akaurudisha.

"Mardi, kesho kutwa, utapanda bato," Lucien alimwambia Anaclet mwishowe. "Utalala kule chini, na mizigo. Nitanunua simenti Bukama. Ankoro tutashuka bote wawili, tutatafuta mu ile matete mpaka tuone. Sitaki unijibu."

Kisha Lucien akajifuta uso, akamgeukia Nkandu kwa utaratibu wa baba wa nyumba. "Brigadia, simushitaki ndugu yangu. Bintu imeonekana. Ku majirani tutasema: mwizi alipita, alikimbia, polisi alikamata bintu. Jina, hapana. Ni baba mudogo wa batoto yangu, ni mutu wa kanisa."

Nkandu alikuwa akiitafuta kofia yake. Kisheria mwenye mali akisema hashtaki, yeye angeweza kwenda kunyolewa.

"Hapana, baba," alisema Edith.

Wote waligeuka. Mke wa mwana, katika nyumba ile, hakuwa na desturi ya kusema hapana.

"Jina yangu ilitajwa mbele ya bantu bote," alisema. "Mukisema mwizi alikimbia, batasema Edith alirudisha mu kificho, banamufichia juu ya mutoto. Nitarudi Jadotville mwizi. Nitakufwa mwizi. Mama aliniita mbele ya bantu. Aniite tena mbele yao, na jina ingine."

"Binti yangu, ni aibu ya jamaa," alisema Lucien.

"Na ile yangu ilikuwa aibu ya nani?"

Lucien hakukubali. Alitikisa kichwa tu, kama mtu anayekataa chakula. Honorine ndiye aliyesimama. Alifungua mlango, akaenda hadi katikati ya ua, akaita jina la Marie-Thérèse, na hilo lilitosha. Kwa muda wa kuchemsha chai, ua ulijaa kama jana; Edith na mtoto wakatoka, na Anaclet nyuma yao.

"Jana niliita mukwe wangu mwizi," alisema Honorine. Aliongea kwa nguvu, akitazama mbele. "Mulisikia bote. Nilikosa. Edith hakuiba kitu. Polisi alitafuta, akaona vile. Bintu yangu imerudi. Edith, unisamehe."

Watu walinong'ona. Nkandu, aliyekuwa mlangoni, aliusikia mnong'ono ule na akajua maana yake: walikuwa wakimhurumia bibi mwema anayemfichia mke wa mwanawe. Edith naye aliusikia.

"Mama," alisema, "mutoto wangu naye alikuwa anasikia jana. Na yeye mumwambie."

Honorine alisita. Kisha akainua kitenge chake cha kazini, akapiga magoti kwenye vumbi, yeye mwenye kiwiko kibovu, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mjukuu wake.

"Virginie. Mama yako si mwizi. Miye kambo yako nilisema uongo."

Mtoto alifikiri. Alikuwa ameambiwa jana kwamba mwizi yupo, na leo vitu vimerudi, na alitaka hesabu ikae sawa.

"Mwizi ni nani basi, kambo?"

Honorine alifungua mdomo. Alimtazama mumewe aliyekuwa nyuma ya Nkandu, na mumewe akatazama pembeni. Virginie alisubiri. Alipoona bibi yake hajibu, alimgeukia mtu mkubwa aliyekuwa karibu zaidi, ambaye alikuwa Anaclet, akamwangalia juu na kumuuliza yeye.

"Kambo Anaclet, mwizi ni nani?"

Nkandu alimwona Anaclet akitazama lango, na baiskeli iliyoegemea ukuta, na kaka yake. Lucien alitikisa kichwa mara moja: usiseme.

"Ni miye," alisema Anaclet.

Mtoto hakusikia vizuri. "Nani?"

"Miye, Virginie," alisema tena, kwa sauti ambayo ilifika mpaka barabarani. "Ni miye niliiba."